Sanduku la Gitaa Nililochagua kwa Kuligonga

Taabu yangu ilianza mwaka 1969, nikiwa na miaka tisa. Baba alikufa kwa ugonjwa wa tumbo wakati wa kuvuna maharage, na maharage yenyewe wakayavuna ndugu zake. Nilikuwa darasa la pili. Nilitoka shuleni nikijua tarakimu zote na herufi chache, zile za jina langu na nyingine mbili tatu, na mpaka leo elimu yangu ni hiyo. Binti yangu ndiye anayeandika haya, mimi nasema. Nimemkataza kupamba.

Silii. Kwa elimu hiyo nimejenga nyumba. Ila kuna jambo moja iliniharibia, nami nilisaidia kuliharibu, na wanangu wamelisikia kwa watu vibaya. Bora walisikie kwangu.

Nilipofika miaka kumi na sita nilipanda treni kwenda Tanga kukata mkonge, kama Waha wengi walionitangulia. Huko ndiko nilikojifunza gitaa, kwa mkata mkonge mwenzangu aliyekuwa akipiga siku za Jumapili. Nikarudi Kibondo na gitaa moja, mablanketi mawili na kikohozi. Kufika miaka ya tisini nilikuwa na bendi: mpiga ngoma, mpiga besi, mpiga solo, na mimi kwenye rithimu. Tulipiga harusi kuanzia Mabamba hadi Gwarama na Kakonko. Vyombo vyangu, jenereta yangu, baiskeli za kubebea zangu. Watumishi wa serikali waliosoma mpaka macho yakauma wakaniita bosi. Nilipenda. Nilipenda sana.

Halafu wakaja wakimbizi kutoka Burundi, na miongoni mwao akaja yule mtu. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mwembamba, msemaji wa maneno machache. Kwao alikuwa akipiga gitaa kwenye mahoteli ya Bujumbura. Alipewa kiwanja kambini, mwendo wa baiskeli wa asubuhi nzima kutoka kwangu. Siku ya soko alifika nyumbani mikono mitupu, akaomba alishike tu gitaa, basi. Akalishika. Alipomaliza kupiga, mpiga solo niliyekuwa naye nilimwambia kuanzia leo atapiga manyanga.

Tangu siku hiyo tulikuwa hatukosi harusi. Watu walikuwa wanaahirisha tarehe ili watupate. Lakini yeye mwenyewe hakuwa na furaha. Amplifaya yangu ilikuwa ya zamani, inatoa sauti kavu.

"Patro," aliniambia, maana ndivyo alivyokuwa akiniita, yaani bosi kwa Kifaransa chao, "gitaa hii inaongea kama mtu ana mafua. Mimi naona haya."

"Haya ya nini? Watu wanacheza."

"Wanacheza kwa sababu hawajasikia. Mimi nimesikia."

Akanieleza kitu anachokitaka. Ni sanduku pana na jembamba, la chuma, lenye masikio mawili ubavuni ya kulifungia kwa skrubu kwenye fremu. Gitaa unalichomeka kwanza humo, sauti inatengenezwa, ndipo inakwenda kwenye amplifaya. Waliosoma wanaliita priampu. Ndani yake kuna mwangwi, kuna sauti ya gitaa moja kuwa kama mawili, kuna vingi. Kila sauti unayoitengeneza unaipa namba, na sanduku linaitunza.

"Tafuta hiyo, patro. Bila hiyo mimi nitaacha. Nitalima mihogo kama wengine."

Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba mvua itanyesha. Na mimi nilijua kwamba akiacha huyu, bendi imekufa, na bendi ikifa mimi narudi kuwa yule niliyekuwa kabla ya kuitwa bosi.

Kasulu kulikuwa na mfanyabiashara wa vyombo vilivyotumika. Vilikuwa vikivuka ziwa, vingine vikipita mpakani. Nikapata habari kwamba anayo masanduku hayo mawili. Yule mpiga gitaa hakuruhusiwa kusafiri mbali hivyo, kwa hiyo ilikuwa lazima niende peke yangu. Alinifundisha mambo matatu, nikayarudia mbele yake kama mtoto wa katekisimu. La kwanza, hakikisha mwangwi umo. La pili, piga uzi mmoja, uache ufe wenyewe, sikiliza mkia wa sauti kama una mchanga. La tatu, zima, subiri, washa tena; litakuonyesha kama linakumbuka.

"La tatu ndiyo kubwa," akasema. "Na usiangalie uzito."

Nilipanda lori na madumu yangu ya asali na gitaa limefungwa kwenye shuka. Asali ilikuwa ya kumalizia bei; ng'ombe wa malipo nilikuwa nimeshamkabidhi mtu wa yule mfanyabiashara aliyekuwa kwetu Kibondo. Nilifika dukani asubuhi ya pili, bado nina vumbi masikioni.

Mfanyabiashara alikuwa Muha kama mimi. Tukaamkiana kwa kwetu, kwa makofi na kushikana mikono mpaka mabegani, mwakeye, mwakeye neza, za huko, za watoto, za ng'ombe, na watu waliokuwa barazani wakasogea kumtazama mtu mwenye gitaa. Walikuwa kama sita. Hao watu sita ndio walionimaliza, ingawa hawakufanya kitu.

Masanduku yalikuwa mezani. Moja jepesi, jeusi, limekwaruzika kona. Jingine zito, uso wa fedha, vifundo vingi, kioo kidogo chenye mwanga wa kijani. Akawasha jenereta. Nikachomeka gitaa kwenye jepesi: mwangwi umo, mkia mzuri. Nikachomeka kwenye zito: mwangwi umo, mkia mzuri zaidi, mrefu kama barabara ya Makere. Mpaka hapo nilikuwa mtu mwenye akili.

"Sasa zima, kisha uwashe," nikamwambia.

Akazima lile jepesi, akawasha. Likawaka kimya, likaonyesha namba tu. Nikaliona kama mtu asiye na la kusema.

Akazima lile zito, akawasha. Kioo kikajaa maandishi. Maneno ya Kizungu, mstari mzima, yakakaa kidogo, kisha yakaondoka na namba ikaja.

"Umeona?" mfanyabiashara akasema. "Hili linaongea lenyewe."

"Nimeona," nikasema.

"Umesoma lilivyoandika?"

Watu sita walikuwa wananitazama. Ningeweza kusema sijui kusoma. Ni maneno mawili. Mmoja wao labda alijua Kizungu. Nikakunja uso kama karani, nikasogea kwenye kioo ambacho maneno yalikuwa yameshaondoka, nikasema, "Nimesoma. Ni sawasawa."

Mpaka leo sijui kama mfanyabiashara naye alijua kusoma. Nadhani hakujua. Nadhani tulikuwa wawili pale, kila mmoja akimwogopa mwenzake.

Halafu nikafanya la kwetu. Jembe halinunuliwi kwa macho. Unalining'iniza kwa kidole, unaligonga kwa jiwe, unasikiliza. Jembe baya linasema kama kipande cha mti, jembe zuri linalia. Na ukishatamka mbele ya watu kwamba limelia, jembe ni lako. Hata likivunjika kesho, hulirudishi. Basi nililinyanyua lile jepesi, nikaligonga ubavuni kwa kifundo cha kidole. Likasema kama debe. Nikalinyanyua lile zito, mshipa ukanisimama shingoni, nikaligonga. Likatoa mlio mnene, mtamu, uliotulia.

"Limelia," nikasema.

Watu barazani wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema, "Huyu anajua kununua." Nililala kwenye lori siku ile nimelikumbatia.

Yule mpiga gitaa alikuja siku ya soko. Akaliangalia, akaniuliza, "La tatu ulifanya?"

"Nimefanya."

"Linakumbuka?"

"Linakumbuka."

Mchana kutwa alikaa nalo. Anabonyeza, anageuza, anapiga uzi, anatikisa kichwa, anageuza tena. Alasiri akapiga. Siwezi kueleza ile sauti, wala binti yangu hawezi, alikuwa bado ananyonya. Mke wangu alikuwa anatoka shamba na jembe begani. Alisimama uani, hakulishusha jembe wala hakuingia ndani mpaka wimbo ulipokwisha. Kisha akasema, "Kumbe ndiyo hii." Tukazima jenereta tukala.

Wiki iliyofuata akaja, tukawasha. Sauti iliyotoka ilikuwa kama mtu anaburuta bati kwenye changarawe.

"Nani ameligusa?" akauliza.

"Mke wangu, anapofagia."

Mke wangu alinisikia kutoka jikoni. "Mimi?" akasema. "Mimi nilivyo na kazi, nikachezee debe lako? Jiulize mwenyewe, mwanamume. Wewe ndiye unayelipangusa kila asubuhi kama mtoto mchanga."

Akalitengeneza upya. Hakulalamika. Nami nilianza kulishuku lile sanduku, lakini niliikataa shaka hiyo.

Mwaka huo wa 1997 ulipokuwa unaelekea mwisho, amri ikatoka kwamba wakimbizi wakae kambini, wasizurure. Waliokuwa wakilima vibarua vijijini wakarudishwa. Tulikuwa na harusi moja kubwa Kakonko, ya mtoto wa mtumishi wa serikali, na nusu ya wilaya imealikwa. Nikazunguka ofisini kumwombea mpiga gitaa wangu kibali. Wakanipa cha siku moja: atoke asubuhi, jioni awe amerudi. Muda wa kutengeneza sauti hapo hakuna.

Nikapata akili, au niliyodhani ni akili. Siku mbili kabla ya harusi, siku wenyeji tulipokuwa tunaruhusiwa soko la kambini, nililifunga sanduku kwenye baiskeli, juu ya godoro la mtoto, nikaenda nalo. Kanisa lao la maturubai lilikuwa na jenereta ndogo. Akalitengeneza humo, watu wamejaa milangoni, akatengeneza sauti tano, akanionyesha namba zake: moja ya taratibu, mbili ya kuchangamka, mpaka tano. Tukachomoa. Nikarudi nalo natembea kwa miguu, baiskeli naisukuma, kila jiwe nalikwepa. Nilifikiri sauti zile zimo mle ndani kama mayai.

Kakonko alifika na kibali mfukoni, amevaa shati jeupe la kuazima. Maharusi wamekaa. Nikawasha sanduku mwenyewe, mbele ya watu wote, nikageuza namba mbili kama alivyonionyesha, nikampa ishara.

Akapiga. Bati likaburuta kwenye changarawe.

Watu wakacheka kwanza kwa adabu. Kisha mjomba mmoja wa bwana harusi akapaza sauti, "Bosi! Hiyo ni bendi au mnatusagia mahindi?" Hapo hawakucheka tena kwa adabu.

Nikazima, nikawasha. Maneno yakaja kwenye kioo. Meza ya karibu nasi alikaa mwalimu wa sekondari, mtu wa kutoka Mbeya, mpole, mwenye miwani. Akainama kutazama, akasema bila ubaya wowote, "Mzee, chombo chenyewe kinasema betri yake ya ndani imekwisha. Kinasema hakiwezi kutunza kitu."

"Kinasema hivyo leo?" nikauliza.

"Kinasema hivyo kila kinapowashwa, nadhani. Hujawahi kuona?"

Yule mpiga gitaa aliinua uso akanitazama. Hakumtazama mwalimu.

"Patro. Kasulu liliandika hivi?"

"Liliandika."

"Ukaona?"

"Niliona. Sikusoma. Sijui kusoma."

Nilikuwa na miaka thelathini na saba, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilitamka maneno hayo kwa mdomo wangu. Niliyatamka na mpiga besi wangu amesimama nyuma yangu, na mwalimu, na mjomba wa bwana harusi.

Yule mpiga gitaa alipiga magoti, akaanza kutengeneza upya. Bibi harusi alikaa na shela yake, jasho linamtiririka, shangazi anampepea kwa kitambaa. Ilichukua muda mrefu. Mimi nilisimama pembeni ya sanduku nikiwa sina la kufanya. Nilitamani hata kushika waya, lakini kila waya ulikuwa umeshachomekwa. Hatimaye akapiga. Kwa nyimbo tatu Kakonko ilicheza, hata yule mjomba. Wimbo wa nne, mama mmoja akicheza kwa furaha akajikwaa kwenye waya wa umeme. Waya ukachomoka.

Tuliuchomeka mara moja, hata punde haikupita. Bati, changarawe.

Akalishusha gitaa kwenye kiti taratibu. Akatazama jua lilipofika, akagusa mfuko wenye kibali. "Patro, saa yangu imekwisha," akasema. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Nilitegemea anitukane. Alisema, "Ungeuliza mtu, patro. Hata mimi ungeniambia, ningekuambia ununue ile inayonyamaza."

Nilirudi Kasulu na sanduku. Nilijua ni ujinga, nikaenda. Mfanyabiashara alinikaribisha vizuri, tukaamkiana kwa makofi, akanipa uji. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mzee mwenzangu," akasema, "nani aliyesema limelia?"

"Mimi."

"Mbele ya nani?"

Wazee wawili wa siku ile walikuwa pale pale barazani. Mmoja akageuza uso upande wa barabara ili asinione. Lile jepesi lilikuwa halipo mezani, alikuwa ameshaliuza. Hata lingekuwepo, nisingeliomba. Mila ni mila. Ningekuwa mimi ndiye muuzaji, ningesema vile vile.

Nikaona njia moja tu imebaki: nijifunze mimi. Kama sanduku halikumbuki, nitakumbuka mimi. Siku ya soko nilikwenda kambini na sanduku, ungo na mfuko wa maharage. Akikibonyeza kifundo mara tatu, napanga maharage matatu kwenye ungo. Akigeuza mpaka arobaini na saba, tarakimu naijua, naichora chini kwa kijiti. Maharage mekundu ni ya mwangwi, meupe ni ya ile sauti ya magitaa mawili. Alinifundisha kwa uvumilivu ambao sijawahi kuuona kwa mwalimu yeyote, ingawa walimu niliowahi kuwa nao ni wawili tu. Siku ile nilipata sauti ya kwanza, ile ya taratibu, nzima. Nilirudi nyumbani nikaitengeneza peke yangu, ikatoka. Nikamwita mke wangu aje asikie. Akasema, "Bado," lakini akatabasamu.

Zilibaki nne. Tulipatana siku ya soko inayofuata.

Nilipofika, nyumba yake ya udongo ilikuwa wazi, hakuna mlango, maana mlango wamechukua. Jirani, mama wa Kirundi aliyekuwa anapepeta mtama, akaniambia wamehamia kambi nyingine, upande wa Kasulu, kwa ndugu za mke wake. Gari lilikuja tu, watu wakaitwa majina, wakapanda.

"Hakuacha ujumbe?"

"Alikuulizia, baba. Alisema, yule patro akija mwambieni..." Akafikiri. "Mimi nilikuwa napakia vyombo vyao. Sikusikia vizuri."

Nilisimama pale, sanduku kwenye baiskeli, ungo kichwani na mfuko wa maharage mkononi, na yule mama akaniuliza kama nauza.

Nilimtafuta mara mbili upande wa Kasulu. Mara ya kwanza sikuruhusiwa kuingia. Mara ya pili niliruhusiwa, nikazunguka mpaka jioni nikitaja jina lake, na watu wenye jina hilo walikuwa wengi, na hakuna aliyekuwa yeye. Harusi zilipungua, kisha zikaisha. Mpiga besi alikwenda kuvua Kigoma. Mpiga ngoma alioa akaokoka.

Miaka michache baadaye fundi mmoja wa redio alifungua meza pale sokoni Kibondo. Nikampelekea sanduku. Alilifungua, akaona betri bapa kama kifungo cha koti, imechomelewa ndani. Akaitoa, akaweka mahali pake betri mbili ndogo za redio, akazifunga kwa uzi. Ilimchukua muda wa kunywa chai. Akawasha, kioo hakikuandika neno lolote, kikaonyesha namba tu.

"Limepona, mzee," akasema. "Sasa likizimwa linakumbuka."

"Linakumbuka nini?"

"Chochote utakachoweka."

Niliweka ile ya taratibu. Nyingine sikuwa nazo za kuweka.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, bati jipya upande wa mbele. Nina ekari sita za mihogo na maharage, na migomba nyuma ya nyumba. Mizinga ya nyuki arobaini, thelathini ndiyo yenye nyuki. Ng'ombe watatu. Pikipiki moja, tairi la nyuma linahitaji kubadilishwa. Sola ya taa tatu. Spika mbili, moja imepasuka. Sanduku, lenye namba moja tu iliyojaa. Gitaa la rithimu, bila uzi wa kwanza. Miwani ya kusomea niliyonunuliwa na binti yangu, ambayo naitumia kutoa miiba. Mbuzi saba na beberu wa kuazima.